Jinsi ya Kuunda Dini ya Joka Bila Kutoka Jasho

Unaandika riwaya ya ajabu na umefika mahali pagumu. Kuna mji, mjini kuna hekalu, hekaluni watu wanalisujudia joka. Hujui dini hiyo inafundisha nini. Hujui makuhani wake wanakula wapi wala wanalipwa na nani. Sura tatu unadaiwa, na juu ya yote unataka wasomaji waseme umebuni dunia nzima kwa kichwa chako. Vizuri sana. Kutaka sifa ndiko kulikokuamsha alfajiri ukaandika, kwa hiyo usikuonee haya. Sogea hapa nikuoneshe njia ya mkato.

Njia yenyewe ni wizi. Usiwaibie waandishi wenzako, maana wako hai na wasomaji wao wana macho. Iibie historia. Imejaa watu waliokwisha kuunda dini za majoka, wakala kwazo, wakajenga kwazo, wakaoza binti zao kwazo. Kazi yote waliifanya wao. Wewe chukua.

1. Achana na joka

Najua umeshalichora. Mabawa, magamba, rangi ya macho, jina lisilotamkika. Lifungie kabatini. Anayeanza kazi hii huandika kurasa kumi za joka na mistari miwili ya waumini, halafu anashangaa kwa nini hekalu lake halina uhai. Msomaji anayo picha ya joka tayari, humwongezei kitu. Tena msomaji wetu wa Kiswahili mara nyingi ana picha yenye matata: amelikuta katika Ufunuo sura ya 12, jekundu, lina vichwa saba na pembe kumi, na ameambiwa waziwazi kwamba ndilo Shetani. Ukilipa joka lako vichwa vingi, ameshaamua nani mbaya kabla hujafungua mlango wa hekalu. Lipe kichwa kimoja. Kisha lifiche.

Joka linaloonekana kila siku ni mfugo. Linaloonekana mara moja kwa mwaka, gizani, watu wakipita haraka, ni mungu. Muda uliouokoa utumie kwenye foleni ya nje. Nani amelala hapo tangu jana? Nani kapitishwa mlango wa nyuma? Maji yanauzwa kiasi gani karibu na lango, na kiasi gani mtaa wa pili? Ukiijua foleni huna haja ya kueleza imani. Imani imesimama pale na mtoto mgongoni.

Onyo moja: usiende kuiba kwenye michezo. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, una Tiamat, joka jike lenye vichwa vitano. Jina lilichukuliwa kwa Wababeli, ambao Tiamat wao alikuwa bahari ya chumvi, mama wa miungu, aliyepasuliwa vipande viwili na Marduk vikawa mbingu na nchi. Vichwa vitano huko havimo. Skyrim ya mwaka 2011 nayo ina makuhani wa majoka wenye vinyago usoni, na vijana wameshawaua hao makuhani mpaka wamewachoka. Ukiiba hapo umemwibia mwizi, na mashahidi ni wengi.

2. Tafuta tapeli mmoja, mfuate nyayo kwa nyayo

Ninaye wa kukupa. Anaitwa Alexander wa Abonoteichus, mji mdogo wa bandari kwenye pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, leo İnebolu nchini Uturuki. Aliishi karne ya 2 baada ya Kristo, chini ya dola ya Roma. Habari zake tunazo kwa kuwa alikuwa na adui mwenye kalamu: Lucian wa Samosata, aliyeandika kitabu kizima kumfichua. Lucian alimchukia, kwa hiyo kila tuhuma ipime mwenyewe. Lakini kwa mwandishi anayetafuta vifaa, hakuna hazina kama chuki ya mtu makini. Anakumbuka mpaka rangi ya nguo.

Kabla ya kuwa na mungu, Alexander alikuwa na tangazo. Yeye na mwenzake walizika mabamba ya shaba katika hekalu la Apollo mjini Chalcedon, yaliyoandikwa kwamba Asclepius, mungu wa uponyaji, atahamia Abonoteichus pamoja na baba yake Apollo. Mabamba yakafukuliwa, habari ikasambaa, na watu wa Abonoteichus wakaanza kuchimba msingi wa hekalu hata kabla nabii hajafika. Iba hapo hapo. Mji mdogo ukiambiwa na wageni kwamba umeteuliwa, hauulizi swali la pili. Upe mji wako jirani mkubwa anayeudharau, na nusu ya dini imeshajengwa.

Joka alilinunua. Huko Pella, Makedonia, kulikuwa na nyoka wakubwa wapole kiasi cha kulala na watoto, na mmoja mzuri alipatikana kwa senti chache. Akafichwa. Kikatengenezwa kichwa cha kitani chenye sura ya kukaribia ya binadamu, kikapakwa rangi. Mdomo ulifunguka na kufumba kwa kuvutwa nywele za farasi, na ulimi mweusi wenye ncha mbili ulichomoza kwa ufundi huo huo.

Usiku mmoja akaenda kwenye msingi mpya uliojaa maji, akaficha matopeni yai la bata bukini. Alikuwa amelitoboa na kulimwaga, akatia ndani kitoto cha nyoka, akaziba kwa nta na rangi nyeupe. Asubuhi akakimbilia sokoni, kiunoni ana kitambaa cha dhahabu tu, nywele zinapepea, akapanda madhabahuni na kuupongeza mji. Alitamka maneno yasiyo na maana, yenye mlio wa Kiebrania au Kifoinike. Wasikilizaji hawakuambulia kitu ila majina mawili, Apollo na Asclepius, nayo yaliwatosha. Kisha mbio hadi kwenye msingi. Akaingia majini akiimba, akaomba bakuli, akachota yai, akalipasua kiganjani mbele ya umati. Kitoto cha nyoka kikajizungusha vidoleni mwake. Mji mzima ukapaza sauti kumkaribisha mungu.

Siku chache baadaye akawaita waje kumwona. Chumba kidogo, mwanga hafifu. Ameketi amevaa kimungu, nyoka mkubwa wa Pella kajiviringisha shingoni, mkia unaning'inia hadi sakafuni, kichwa chake halisi kimebanwa kwapani, na kile cha kitani kimechomoza kando ya ndevu. Watu waliingia mlango huu, wakasukumwa watoke ule, hakuna aliyepata nafasi ya kutazama mara mbili. Juzi alikuwa sawa na kidole, leo ni joka, lina uso wa mtu, tena linakubali kuguswa. Wakalijua kwa jina la Glycon.

Hesabu vifaa: yai, nta, kitani, nywele za farasi, chumba chenye milango miwili. Hakuna kilichohitaji uchawi. Ukitaka msomaji auone muujiza, mwambie vifaa vyake vilinunuliwa duka gani. Na kuhusu lugha takatifu, fanya kama Alexander. Usijitese kubuni sarufi. Buni maneno sita, yarudie kwa sauti, na katikati yake weka jina moja ambalo kila mtu analijua.

3. Bandika bei ukutani

Dini isiyo na bei msomaji haiamini. Glycon alijibu swali moja kwa drakma moja na oboli mbili. Swali liliandikwa, likakunjwa, likafungwa kwa lakiri. Lilirudi na lakiri yake nzima, na jibu juu yake. Kwa hesabu ya Lucian, mapato yalifika 70,000 mpaka 80,000 kwa mwaka, kwa sababu watu hawakushibishwa na swali moja. Waliuliza 10, wengine 15.

Lakiri ilifunguliwaje? Sindano ya moto ilipitishwa chini ya nta, karatasi ikasomwa, nta ikapashwa tena ikashikana. Iba sindano hiyo. Mpe kijana mmoja wa hekaluni mwenye mkono usiotetemeka, na umfanye mhusika wako mkuu, maana ndiye anayejua siri za mji mzima kwa mshahara wa karani. Anajua nani anasubiri baba yake afe. Anajua nani anauliza habari za kiti cha mfalme. Alexander karatasi za namna hiyo, hasa za matajiri na wakubwa, hakuzirudisha. Alizishika, na walioziandika wakabaki mkononi mwake kama watumwa. Hapo una msuko wa riwaya nzima, nami nimekupa bure.

Halafu weka bei ya juu zaidi. Kwa wenye mali, joka lilisema lenyewe. Makoromeo ya korongo yaliungwa yakawa bomba, bomba likapitishwa hadi kwenye kichwa cha kitani, na mtu aliyejificha nje akaongea ndani yake. Maskini hawakusemeshwa. Usiogope kutumia majivuno ya binadamu hapa. Tajiri halipi ghali ili apate jibu bora. Analipa ili asipewe jibu lile lile alilopewa mpishi wake. Wahenga wamesema penye udhia penyeza rupia. Wewe hekaluni kwako tengeneza udhia kwanza.

4. Ajiri watu

Nabii peke yake ni mwendawazimu. Nabii mwenye makarani ni taasisi. Alexander alikuwa na wasaidizi, wapelelezi, watunga majibu, watunza kumbukumbu, wapiga lakiri. Alikuwa pia na wafasiri wa majibu yasiyoeleweka, na hao hawakulipwa, walimlipa yeye, kila mmoja talanta kwa mwaka, ili awape nafasi ya kukaa mlangoni wakala kwa wateja. Kadiri jibu lilivyokuwa na ukungu, ndivyo mfasiri alivyopata. Wape watu hawa njaa ya mchana, wivu wa vyeo, na mmoja anayechelewa kazini. Hekalu lako litaanza kupumua.

5. Ukijichanganya, anzisha madhehebu

Sura ya 2 ulisema joka ni dume. Sura ya 9 limetaga. Usirudi kurekebisha, utapoteza jioni nzima. Andika kwamba kuna waumini wa Joka Baba na waumini wa Joka Mama, na kwamba hawaoani wala hawazikani. Umesahau kama sala ni tatu au nne kwa siku? Mpe bibi mmoja anayesali nne na mjukuu anayesali tatu, wagombane kwenye chakula. Kosa lako limekuwa utajiri wako.

Kitabu kitakatifu nacho usikiandike. Andika watu wakikinukuu vibaya. Kila mtu anayo aya moja anayoipenda, na kila mmoja ameikata pale inapomfaa. Mistari mitano ya namna hiyo, ikitoka midomoni mwa watu watano wenye haja tofauti, itampa msomaji hisia ya kitabu cha kurasa elfu. Nakuhakikishia hataomba kukiona.

6. Unabii ukikosea, usimwokoe nabii

Waandishi wengi hapa hutoka jasho la bure. Wanaogopa kwamba utabiri ukishindwa dini itaanguka sura hiyo hiyo, kwa hiyo wanampa nabii bahati isiyokwisha. Acha akosee. Akosee vibaya, mbele ya watu wote. Kisha waache waumini wafanye kazi ya kumtetea, maana wao wamewekeza zaidi yake.

Alexander alikuwa na muumini mmoja mkubwa, Rutilianus, seneta wa Roma. Seneta huyu aliuliza: mwanangu asomeshwe na nani? Joka likamtajia Pythagoras na Homer. Siku chache baadaye mtoto akafa. Alexander alikosa la kusema, mdomo ulimkauka. Aliyepata maelezo ni baba mwenyewe: mungu alikuwa amemtabiria, akamchagulia mtoto walimu waliokwisha kufa, kwa kuwa angekwenda kusoma kwao kuzimu. Soma tena kisa hicho polepole. Mtu aliyefiwa anamtafutia tapeli wake udhuru. Ukiweza kuandika ukurasa mmoja wa namna hiyo bila kumcheka yule baba, umeandika riwaya. Seneta huyo huyo, akiwa na miaka 60, alimwoa binti ya Alexander, aliyesemekana amezaliwa na Mwezi.

Kama mteja hawezi kujieleza mwenyewe, zipo njia mbili. Ya kwanza ni daftari. Severianus, gavana wa Kirumi, aliahidiwa ushindi akaingia Armenia mwaka 161, akaangamia pamoja na jeshi lake. Alexander akaenda kwenye kumbukumbu, akautoa utabiri ule, akaweka mwingine unaomkataza kwenda. Ya pili ni sarufi. Wakati wa vita vya kaizari Marcus Aurelius dhidi ya Wamarcomanni, joka liliagiza simba wawili watupwe ndani ya Mto Danube pamoja na manukato, ushindi mkubwa utafuata. Simba wakaogelea hadi ng'ambo, maadui wakadhani ni mbwa au mbwa mwitu wa kigeni, wakawaua kwa marungu. Warumi wakapigwa, na Lucian anataja vifo karibu 20,000. Alexander akajibu kwamba mungu alitabiri ushindi, hakusema wa nani.

7. Mpe adui mwenye akili

Ibada kuu ya Glycon ilidumu siku tatu, na ilianza kwa kufukuza watu: Wakristo watoke, na Waepikuro watoke. Makundi hayo mawili hayakuwa na jema la kuambiana, lakini yote mawili yalikataa kumwamini nyoka. Alexander alichoma sokoni kitabu cha Epicurus, mwanafalsafa aliyefuatwa na Waepikuro, na mji wa jirani, Amastris, aliunyima utabiri kwa sababu ulikuwa na wafuasi wengi wa falsafa hiyo. Chukua desturi hiyo ya kufukuza kabla ya kuomba. Waliobaki ndani hujiona wamechujwa.

Adui wako asipige kelele nje ya lango. Awe kama Lucian, ambaye alinunua majibu. Aliandika swali moja, Homer alizaliwa wapi, katika karatasi mbili kwa majina mawili tofauti. Mtumishi aliyepeleka mojawapo alipodadisiwa na watu wa hekalu, akadanganya kwamba bwana wake anaumwa ubavu. Jibu likarudi: ajipake dawa. Karatasi ya pili walidhani inauliza habari za safari ya Italia, ikajibiwa kama ya msafiri. Homer hakutajwa popote. Lucian anasema pia kwamba alipokutana na Alexander na kunyooshewa mkono aubusu, aliung'ata. Hiyo iache. Mwenye hoja hana haja ya meno, na pale Lucian aliipunguzia heshima kazi yake nzuri.

8. Lilishe joka, kisha tazama nani ananenepa

Mungu anayekula ni zawadi kwa mwandishi, maana chakula huacha alama. Kisa bora kimo katika Kitabu cha Danieli, sura ya 14 katika Biblia ya Wakatoliki. Sanamu ya Beli huko Babeli ilitengewa kila siku vipimo 12 vya unga safi, kondoo 40 na mitungi sita ya divai, na kila asubuhi meza ilikuwa tupu. Danieli akanyunyiza majivu sakafuni usiku, mlango ukatiwa muhuri. Asubuhi majivu yalijaa nyayo za wanaume, wanawake na watoto: makuhani 70 na familia zao, waliokuwa wakipitia mlango wa siri chini ya meza. Sura hiyo hiyo ina joka hai lililoabudiwa. Danieli akalipikia donge la lami, mafuta na nywele, likala, likapasuka.

Wote hukimbilia kuiba mpasuko. Wewe iba nyayo za watoto. Makuhani walilaghai, ndiyo, lakini mtoto wa kuhani aliamka usiku wa manane akala nyama ya mungu kwa miaka mingi akidhani ndivyo watu wanavyokula. Yeye ana hadithi kuliko Danieli.

9. Mtendee haki anayeamini kweli

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa njia ya mkato inaishia na wengi hudondoka. Ukiwafanya waumini wote mazuzu, umepoteza kitabu. Matapeli wanafurahisha kwa sura tatu, baada ya hapo msomaji anataka kujua kwa nini watu wenye akili timamu walikuja. Walikuja kwa sababu mtoto ana homa. Walikuja kwa sababu mvua imegoma. Joka karibu kila mahali ni jambo la maji kabla ya kuwa jambo la moto.

Nchini China Mfalme Joka aliombwa mvua vijiji vingi, na ukame ukizidi wanakijiji waliitoa sanamu yake hekaluni wakaianika juani, naye aonje. Huo si ujinga. Ni mkataba, na upande mmoja umevunja masharti. Mjini Ouidah, Benin, hekalu la chatu liko mkabala na kanisa kubwa la Kikatoliki. Chatu hutolewa kwenda kujitafutia chakula, na mwenye nyumba akikuta mmoja ndani humrudisha kwa heshima. Hakuna anayemlaghai mwenzake hapo.

Na huku kwetu, huko Nyakach, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, watu walimjua chatu Omieri aliyehusishwa na mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 aliungua motoni, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na waliompenda walihuzunika. Mwaka 2003 chatu mwingine alipotokea eneo hilo akiwa na mayai, wapo waliomwita kwa jina lile lile wakamletea chakula, na wapo waliotaka auawe kabla hajala mifugo na watoto. Majirani wa kijiji kimoja wakabishana juu ya mnyama mmoja, kila upande na sababu ya kueleweka. Hiyo ndiyo dini ya joka iliyo hai. Haikuwa na kichwa cha kitani wala bomba, na hakuna nabii aliyeianzisha. Usiinakili ilivyo, ni ya wenyewe. Jifunze kutoka kwake namna ya kuandika muumini ambaye hajapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo katikati ya hekalu lako la uongo muweke mtu mmoja aliyepata alichokijia. Mama aliyelipa drakma yake, akaambiwa maneno matupu, akarudi nyumbani na nguvu ya kumuuguza mwanawe hadi akapona. Usimpe maelezo. Tapeli wako naye amwone, na asijue la kufanya na hiyo shukrani.

10. Mwache nabii afe, dini ibaki

Utashawishika kumaliza kwa kufichuliwa: kichwa cha kitani kinang'olewa mbele ya umati, watu wanaamka, hekalu linachomwa. Usifanye hivyo. Ni uvivu, na sivyo mambo yanavyokwenda. Alexander alitabiri kwamba ataishi miaka 150 na kufa kwa radi. Alikufa kabla ya 70, mguu umeoza hadi kinenani, na waganga waliokuwa wakimpaka dawa kichwani wakagundua kwamba nywele zile ndefu za kimungu zilikuwa za bandia. Kipara kitupu. Lucian alidhani hapo amemaliza kazi.

Hakuimaliza. Wakati wa kaizari Antoninus Pius, aliyetawala hadi mwaka 161, mji ulikwisha kugonga sarafu zenye nyoka na jina la Glycon, na sarafu za nyoka ziliendelea kugongwa karne ya 3, miongo mingi baada ya nabii kuzikwa. Mji ulibadilishiwa jina ukaitwa Ionopolis, na İnebolu ya leo inatokana na jina hilo. Mwaka 1962 huko Constanța, Romania, ilifukuliwa sanamu ya marumaru ya Glycon: mwili wa nyoka uliojikunja, nywele na masikio ya binadamu, mkia wa simba. Mwaka 1994 nyoka huyo akachapishwa kwenye noti ya Romania ya lei 10,000.